Njia za Kuzunguka Ziwa Duluti: Nani Apite, Nani Apishe, Nani Azitunze

Siku za Jumatano na Jumamosi, ambazo ni siku za gulio la Tengeru, njia za miguu zinazoshuka kutoka miteremko ya Mlima Meru hujaa watu kabla jua halijachomoza. Akina mama hushuka na mikungu ya ndizi kichwani, vijana husukuma baiskeli zilizofungwa madebe ya maziwa, na bodaboda hupenya palipo na upana wa kutosha na wakati mwingine pasipo na upana wowote. Saa chache baadaye njia hizo hizo hupokea wageni wenye mabegi mgongoni wanaoelekea Ziwa Duluti kutembea, kutazama ndege au kupiga kasia. Jioni ni zamu ya wanafunzi wanaorudi nyumbani na ng'ombe wanaorejeshwa zizini. Njia moja, basi, inabeba kazi tano au sita kwa siku, na ni wachache wanaofahamu ni nani hasa mwenye dhamana nayo.

Ziwa lenyewe ni dogo. Lina ukubwa wa takribani hekta 60, nalo limekaa ndani ya kreta ya volkano kwenye kimo cha takribani mita 1,290 kutoka usawa wa bahari, mwendo mfupi kutoka barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Kinacholitofautisha na mabwawa na mito ya jirani ni kwamba limefungwa pande zote na kingo za kreta. Hakuna mto unaoingia wala mto unaotoka. Maji yake hutokana na mvua na chemchemi za chini ya ardhi. Jambo hili lafaa likumbukwe na kila asomaye makala haya, kwa kuwa ndilo linaloeleza nusu ya masharti yatakayotajwa hapa. Mto Tengeru ukichafuliwa, uchafu husafiri kuelekea Kikuletwa na hatimaye Pangani, nayo ni hasara ya walio chini. Duluti ikichafuliwa, uchafu haupati pa kwenda. Udongo unaoporomoka kutoka njia ya miguu, mbolea inayosombwa kutoka shambani na chupa ya plastiki iliyotupwa na mpita njia vyote hubaki humo humo. Watafiti waliowahi kutoboa tope la chini ya ziwa hili waliweza kusoma ndani yake habari za mvua na ukame wa karne zilizopita, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu hiyo hiyo: kilichoingia hakikutoka.

Njia za aina mbili

Wakazi wengi huzizungumzia "njia za ziwani" kama kitu kimoja. Kisheria ni vitu viwili tofauti, na malalamiko mengi huchelewa kupata jibu kwa sababu yamepelekwa mlango usio wake.

Aina ya kwanza ni njia iliyo ndani ya Hifadhi ya Msitu wa Duluti, ule mkanda wa miti ya asili unaozunguka maji. Msitu huu ni wa hifadhi ya vyanzo vya maji na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Njia yake inazunguka ziwa chini ya kivuli cha mikuyu na miringaringa, na mtu anayetembea taratibu huimaliza kwa muda wa saa moja hadi mbili. Ni njia nyembamba, yenye mizizi iliyojitokeza na sehemu za kupanda na kushuka, na baada ya mvua huteleza kwelikweli. Humo kima huonekana juu ya matawi, kenge hujianika kando ya maji, na kwenye matete hupatikana mdiria, mnandi na korongo. Atakaye kuwaona awahi asubuhi. Saa sita mchana ndege na wanyama wamekwisha kujificha na mtembeaji atabaki na joto lake. Kulipokucha bila mawingu, katika baadhi ya sehemu Mlima Meru huonekana ukiwa umesimama juu ya maji.

Kuingia katika njia hii kunahitaji kibali na malipo kwa mujibu wa taratibu za TFS, na ndani yake ni marufuku kukata miti, kuchunga mifugo, kuwasha moto au kutega wanyama. Mwenye baiskeli hana budi kuuliza langoni kabla ya kuingia nayo. Pikipiki haina nafasi humo kabisa, hata kama dereva anamfahamu mlinzi.

Aina ya pili ni njia zote zilizo nje ya mpaka wa msitu: zinazopita kati ya mashamba ya kahawa na migomba, kando ya uzio wa nyumba za kulala wageni, nyuma ya vyuo na kuingia vijijini. Baadhi ya hizo ni barabara zilizosajiliwa na huhudumiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Nyingine ni njia za kijiji zilizokuwapo tangu zamani za mababu, zisizo na namba wala kibao, na dhamana yake ni ya Serikali ya Kijiji husika. Kuna pia zinazopita ndani ya mashamba makubwa na maeneo ya taasisi kwa ridhaa ya wenye maeneo hayo. Kwa macho zote zinafanana. Tofauti hudhihirika siku ambayo mmoja anaamua kuifunga.

Pale njia inapofungwa

Ardhi ya Tengeru imepanda thamani, na kila kiwanja kipya kinachouzwa huja na uzio wake. Si ajabu, kwa hiyo, kwamba mtoto aliyekuwa akifika shuleni kwa robo saa akajikuta anazunguka kwa nusu saa, tena kando ya barabara ya magari. Hapo ndipo suala la njia linapoacha kuwa la matembezi na burudani.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia kwa ajili ya umma, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, ikiwa ni pamoja na ile inayotumiwa na wote. Lakini haki isiyoandikwa popote ni vigumu kuitetea. Kinga bora ni kuhakikisha kwamba njia za miguu zinaonyeshwa katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na kwenye ramani za upimaji kabla viwanja havijakatwa. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa sheria hupaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, ndiyo mahali pa kulisemea jambo hilo. Bahati mbaya wengi hufika kwenye mkutano huo baada ya nguzo za uzio kukauka saruji.

Ikiwa njia imekwisha kufungwa, hatua ya kwanza ni kwa Mwenyekiti wa Kitongoji na Mtendaji wa Kijiji, ambao wataitazama njia hiyo kwa macho na kusikiliza pande zote mbili. Wazee wanaofahamu njia ilipitia wapi, na tangu lini, ni mashahidi wa maana kuliko kelele za umati. Suluhu isipopatikana, shauri hufikishwa Baraza la Ardhi la Kijiji au Baraza la Kata. Wananchi wafahamu hapa badiliko moja ambalo bado halijazoeleka: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi ni la kusuluhisha tu, wala halitoi hukumu. Likishindwa kupatanisha ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayeng'oa uzio wa jirani kwa mikono yake, hata kama haki ya njia ni yake, hugeuka mshtakiwa katika kesi ambayo angeshinda.

Upande wa pili nao una hoja. Mwenye shamba la kahawa ambaye matawi yake huvunjwa na wapita njia, au mwenye nyumba ambaye pikipiki hupita dirishani pake usiku wa manane, hafungi njia kwa uchoyo. Mara nyingi lango jembamba linalopitisha mtu na baiskeli lakini likazuia pikipiki humaliza ugomvi ambao uzio mzima ungeuzidisha.

Kuhusu kando ya ziwa penyewe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa, iwapo shughuli hizo kwa asili yake zinaweza kuharibu au kuathiri uhifadhi wa eneo hilo. Kinacholengwa na katazo hilo ni majengo, kilimo na mengineyo ya namna hiyo. Mtu anayepita kwa miguu haharibu ukingo kwa kupita kwake. Mtu anayelima nyanya hadi kwenye matete anauharibu, kwa kuwa mbolea inayosombwa hulisha mwani, na mwani ukizidi na kuoza hula hewa ambayo samaki wanaihitaji.

Malalamiko ya kuni

Lipo neno linalosemwa mara kwa mara katika vijiji vinavyopakana na msitu: mgeni mwenye fedha anaruhusiwa kuingia, lakini mama aliyezaliwa hapo akiokota kuni anazuiwa. Malalamiko hayo hayapaswi kupuuzwa, wala hayapaswi kujibiwa kwa kusema tu kwamba sheria ni sheria.

Msitu wa Duluti ni mdogo mno. Katika msitu wenye maelfu ya hekta, mzigo wa kuni kwa kila kaya kwa wiki unaweza kupita bila alama. Katika mkanda mwembamba kama huu, uliobanwa na makazi pande zote, mzigo huo huo kwa kila kaya ungeuacha ukingo wa kreta wazi ndani ya miaka michache, na udongo wake ungekuwa ziwani. Hata hivyo Sheria ya Misitu haikumwacha jirani nje. Inatoa nafasi ya usimamizi wa pamoja, yaani makubaliano ya maandishi kati ya kijiji na mwenye dhamana ya msitu, yanayoeleza kijiji kitalinda nini, kitapata nini na kitashirikishwa vipi. Makubaliano ya aina hiyo huanzia kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji na kamati yake ya maliasili na mazingira. Maswali juu ya hatua zake yapelekwe kwa Afisa Misitu wa Halmashauri au ofisi ya TFS.

Namna ya kupishana

Katika nchi zenye mitandao mikubwa ya njia za matembezi, watu wameandika kanuni za kupishana, nazo zinafanana karibu kote: mwenye baiskeli humpisha mtembea kwa miguu, wote wawili humpisha mnyama, na anayeshuka humpisha anayepanda. Sababu ya hii ya mwisho ni nyepesi. Anayepanda akisimama hupata shida kuanza tena, ilhali anayeshuka huongeza mwendo asipojizuia.

Kanuni hizo zinafaa Duluti, lakini zimeachwa pungufu kwa mazingira yetu, kwani waliozitunga hawakuwa na mtu mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Huyo ndiye mkubwa wa njia. Hawezi kugeuza shingo kutazama nyuma, hawezi kuinama kukwepa tawi, na akiteleza hupoteza mzigo na pengine mguu. Mtembeaji wa starehe, mwendesha baiskeli na bodaboda wote wasimame kando, upande wa chini wa mteremko ikiwezekana, mpaka apite. Kengele ya baiskeli ipigwe kutoka mbali, si mgongoni mwake. Na salamu itangulie. Mgeni akishuka na kusalimia amekwisha kufanya nusu ya kazi ya kupishana, na vijana wanaoongoza wageni wana wajibu wa kuwafundisha hivyo kabla ya kuanza safari.

Wachungaji nao wanaombwa kupanga saa za kupitisha ng'ombe zisigongane na saa za wanafunzi. Kwato ndizo zinazoharibu njia kuliko kitu kingine chochote wakati wa masika.

Maji ndiye adui wa njia

Njia ya mlimani haiharibiwi na nyayo peke yake. Nyayo huondoa majani na kushindilia udongo hadi njia inakuwa chini kuliko kingo zake. Mvua ikinyesha, maji huiona kama mfereji na kuifuata. Mwaka wa kwanza hubaki mtaro mdogo. Wa pili mtaro umefika magotini. Watembeaji huukwepa na kukanyaga pembeni, na hapo njia ya hatua mbili huwa na upana wa hatua sita. Udongo wa volkano wa miteremko ya Meru una rutuba sana, lakini ukiachwa wazi husombwa upesi. Kwa Duluti, kila toroli la udongo linaloporomoka upande wa ndani wa kreta ni toroli la tope ziwani.

Wataalamu wa njia hutumia vipimo vichache ambavyo kijiji chochote kinaweza kuvifuata kwa kamba na macho. Njia ikate mteremko kwa ubavu, isishuke moja kwa moja. Kwa wastani isipande zaidi ya mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo, na mahali popote mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe. Ikiwa kilima kinapanda mita 40 kwa kila mita 100, njia isizidi 20. Ikizidi hapo, maji yataacha kuvuka njia na kuanza kuifuata. Uso wa njia uelemee kidogo upande wa bondeni ili maji yamwagike nje njiani badala ya kukusanyika. Na katika kila kipande kirefu cha mteremko pachimbwe mkingamo mpana wa kuyatoa maji nje, ambao mdomo wake lazima uzibuliwe kila baada ya mvua kubwa. Mkingamo ulioziba ni mbaya kuliko kutokuwa na mkingamo.

Njia za mkato ndizo chanzo cha makorongo mengi. Mtu mmoja akikata kona, wa pili huona alama, na baada ya mwezi maji yana barabara yake. Matawi makavu au mawe yakiwekwa kwenye mdomo wa njia ya mkato mapema hutosha kuizuia. Yakichelewa, hata uzio hautoshi.

Kazi hizi hufanyika vizuri katika mwanya kati ya mvua, yaani Januari na Februari kabla ya masika, na Septemba na Oktoba kabla ya vuli, udongo ukiwa bado unashika jembe.

Watoto na maji

Kingo za ziwa la kreta hazishuki polepole kama ufuko. Hatua chache kutoka ukingoni maji yanaweza kumzidi mtu mzima, na mizizi na matete chini yake hunasa miguu. Watoto wasiachwe kuogelea wala kuchota maji peke yao, na wapandao mitumbwi wavae maboya. Wazazi wakumbuke pia kwamba kichocho huenezwa katika maji baridi yaliyotulia yenye konokono, na kwamba vidudu vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Mtoto anayekojoa damu au kuumwa tumbo mara kwa mara apelekwe zahanati. Dawa yake ipo.

Yaliyo kando ya njia

Matembezi ya Duluti hayana sababu ya kuishia majini. Jirani na ziwa, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, lipo kaburini pa Wapolandi. Mnamo mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi kutoka Poland waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu Siberia walianza kuwasili Tengeru, na kambi yao ikafikia takribani watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walijenga nyumba, shule na kanisa, wakalima. Vita vilipokwisha wengi waliondoka kwenda nchi mbalimbali. Waliofia hapa walibaki. Hadi leo hufika wageni wanaotafuta jina la bibi au babu kwenye mawe hayo. Anayetaka kupazuru aombe ruhusa kwanza katika ofisi ya chuo.

Historia hiyo, gulio, mashamba ya kahawa na ziwa vikiunganishwa katika mwendo mmoja wa nusu siku, kijana anayevifahamu ana kazi ya kumwingizia kipato. Sharti moja: kuongoza watalii kwa malipo kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii Na. 29 ya mwaka 2008. Vikundi vinavyotaka kununua baiskeli, maboya au vifaa vya kuongozea wageni vinaweza kuomba mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Anayetoa taarifa ya njia iliyokatika, mti ulioanguka au uchafu uliotupwa aeleze mahali kwa alama isiyohama, kama mti mkubwa, daraja au pembe ya shamba, na tarehe alipoona. Picha ya simu husaidia sana. Ya ndani ya msitu yaende TFS, ya barabara yenye namba TARURA, ya maji ya ziwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na ya njia za vijijini kwa Mtendaji wa Kijiji. Asiyejua iangukie wapi aipeleke kwa Mtendaji wa Kata, ambaye ataielekeza mahali pake.